Nyumba Isiyo na Kizingiti

Siku majirani walipomwona kwa mara ya kwanza, mvua ilikuwa inamwagika kama bomba lililokatika, naye ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya kiwanja kitupu. Mwavuli mkononi, buti za mpira miguuni, katulia tuli kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari. Ng'ambo ya njia alikaa dereva wa lori, mtu mwenye roho nzuri ila asiyeweza kukaa na habari tumboni. Alimtazama dirishani mpaka uvumilivu ukamwishia, akajitupia koti kichwani akatoka.

"Mama, kuna usalama kweli?"

"Upo, baba. Natazama maji yanakopita."

"Maji ya nani?"

"Haya haya ya mvua. Nataka kujenga hapa. Sasa kabla sijachimba, nayaangalia yana njia zao wapi."

Dereva alirudi ndani, akamwambia mkewe kuwa pale nje kuna mama ambaye nati zimemlegea. Kufika jioni mtaa ulikuwa umeshampa jina: Mama Ndoo. Jina likamganda. Mwenyewe alipolisikia alicheka, akasema heri ndoo kuliko majina aliyowahi kuitwa na wenye nyumba.

Na wenye nyumba alikuwa amewajua wengi. Mama Ndoo alifanya kazi ya kufua hospitalini, chumba cha nyuma kabisa, kile chenye mvuke usioisha na sakafu isiyokauka. Kwa miaka kumi na minane mashuka ya wagonjwa yalipita mikononi mwake: kuyapanga, kuyaloweka, kuyapakia kwenye mashine, kuyatoa yakiwa mazito kama maiti, kuyasukuma kwa toroli hadi kwa mpiga pasi, rafiki yake wa chanda na pete. Kazi ile ilimpa mikono ya mbeba mizigo na jicho la maji. Akiingia chumba chochote, kabla hajasalimia, alishajua sakafu imelalia upande gani.

Aliishi chumba cha kupanga pamoja na mama mkwe wake. Mume alifariki mapema, na baada ya mazishi shemeji yake alikuja na gari kumchukua mama yake. Bibi yule alikataa katakata, tena mbele ya watu.

"Mimi nakaa na mkwe wangu," alisema. "Kwako wewe na mkeo mnapika bila chumvi, halafu mnanong'ona."

Basi wakakaa, mkwe na mama mkwe, wakahama chumba hiki kwenda kile, mara paa linavuja, mara kodi imepanda, mara mwenye nyumba anataka kumweka mwanawe. Mambo yalikwenda hivyo mpaka asubuhi moja bibi aliponyanyua mguu kuvuka kizingiti cha bafu, kizingiti cha zege kilichopanda hadi katikati ya muundi, akajikwaa, akaanguka, nyonga ikavunjika. Hospitali walimtengeneza walivyoweza. Alirudi na kiti cha magurudumu.

Kiti hakikupita mlangoni. Kila kutoka, Mama Ndoo alilazimika kumbeba bibi mgongoni, kumketisha juu ya kigoda nje, kurudi kukikunja kiti, kukitoa kwa ubavu, kukikunjua, na kumpandisha tena. Alimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kukivunja tu kile kizingiti cha bafu, gharama juu yake mwenyewe. Mwenye nyumba akamwambia nyumba yake si karakana.

Jioni ile alimkalisha bibi kitandani, akashika kiuno.

"Mama, najenga."

"Unajenga nini?"

"Nyumba."

"Kwa mikono ya nani?"

"Hii hii inayofua."

Bibi akasema jambo moja tu: "Choo kiwe karibu."

Kiwanja alikuwa nacho tayari. Alikipata miaka mingi nyuma kupitia kikundi cha akiba cha wafanyakazi wa hospitali, akakiacha kiote nyasi. Sasa alikipania. Alikwenda pale katika mvua tatu tofauti, na kila mara alichomeka vijiti mahali maji yalipopita. Vijiti vilipokamilika vilichora mstari uliomshangaza. Ile pembe ya mbele, karibu na njia, tambarare na ya kupendeza, ambayo kila aliyefika alisema ndiyo ya kujenga, ndiyo iliyokuwa njia kuu ya maji ya mtaa mzima. Sehemu kavu ilikuwa nyuma, kwenye kimwinuko chenye mawe.

Fundi aliyempata aliitwa Chapuchapu, na jina alilistahili. Ukimwachia kazi Jumatatu, Ijumaa ulikuta madirisha. Mkono wake ulikuwa safi, mwiko ulicheza kwenye vidole vyake kama kijiko, wala hakuwa mwizi wa saruji. Kasoro yake ilikuwa moja: kusubiri kulimuuma kama jino.

"Mama, nyumba inawekwa mbele ionekane," alimwambia siku ya kupima. "Huku nyuma kwenye mawe tutachimba mpaka tutoke malengelenge."

"Malengelenge yanapona, fundi. Twende nyuma."

Wakaenda nyuma. Walipopiga kamba za msingi, Mama Ndoo alimwomba apime pembe mbele yake. Mpiga pasi, ambaye mumewe alikuwa seremala, alikuwa amemfundisha: mita tatu upande huu, mita nne upande ule, ukikatisha kutoka ncha hadi ncha upate mita tano kamili. Ikizidi au ikipungua, nyumba imepinda kabla haijazaliwa. Walipata tano na vidole vinne. Chapuchapu akasema hiyo si kitu, plasta itaficha. Mama Ndoo alikwenda kwenye kigingi cha kamba, akaking'oa, akasubiri. Fundi akaguna, akapima upya.

Isidhaniwe kwamba yeye hakukosea. Alikosea, tena vibaya. Lori la kwanza la mchanga alilinunua kwa macho, kwa sababu mchanga ulikuwa na rangi nzuri. Ulikuwa mchanga uliojaa udongo. Matofali waliyofyatua yalionekana mazuri kwa wiki mbili. Siku alipoinua moja hadi usawa wa kiuno na kuliachia, lilimeguka kama biskuti. Akajaribu la pili, la tatu, la kumi. Alikaa chini kwenye vumbi lile akashika tama, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama watu wa mtaani hawakuwa wamemwona sawasawa. Kisha akapiga moyo konde. Yale mabovu akayatandika yawe njia ya kwenda bombani, na tangu hapo hakuna lori lililomwaga mchanga kwake kabla yeye hajachukua konzi mbili, akazitia kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, akatikisa na kuiacha itulie. Mchanga ulishuka chini, udongo ukakaa juu yake. Tabaka la udongo likiwa nene, alimwambia mleta mchanga, kwa adabu kabisa, ageuze gari.

Matofali ya safari ya pili aliyapanga kivulini akayafunika magunia, akayamwagia maji kila siku asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni akirudi. Siku saba zikapita, akaendelea.

"Mama, tofali si mchicha," Chapuchapu alimwambia. "Nipe nijenge."

"Mchicha ukiharibika nanunua mwingine, fundi. Hili likiharibika naishi nalo."

Alimwagilia wiki mbili nzima. Chapuchapu alizunguka kiwanja mikono nyuma kama askari aliyenyimwa likizo.

Kuta zikapanda. Mama Ndoo alijenga kwa vipande, jinsi mshahara ulivyomruhusu. Miezi minne kazi, miezi mitano kimya, nyasi zinarudi, watu wanauliza kama kakata tamaa, halafu Jumamosi moja zege linachanganywa tena. Katika vipindi vile vya kimya alikuja peke yake, akatembea ndani ya kuta zisizo na paa akijifanya anaishi. Hapa napika. Hapa nageuka na sufuria ya moto, je, nagonga mlango? Bibi akitoka kitandani usiku, mkono wake unashika wapi? Ni katika kutembea kule ndipo alipogundua wamesahau kuacha nafasi ya bomba la majitaka kwenye msingi. Ilibidi watoboe zege kwa patasi siku mbili, na alikiri mbele ya mafundi kwamba kosa lilikuwa lake, maana ndiye aliyewaharakisha siku ile.

Ugomvi wa kwanza mkubwa uliletwa na milango. Alikuwa amesema mita moja. Chapuchapu aliacha sentimita themanini, kwa mazoea tu, kama mtu anavyofunga kamba za viatu. Kesho yake Mama Ndoo alikuja akisukuma kile kiti cha magurudumu kitupu, kutoka kule walikopanga, nusu saa nzima ya njia ya mashimo, watoto nyuma yake wakidhani kuna msafara. Akakifikisha mlangoni.

"Fundi, kaa."

"Mimi?"

"Kaa, jisukume uingie."

Chapuchapu akakaa, akicheka. Akashika magurudumu, akasukuma. Kiti kilipita. Vidole vyake vikabaki kwenye ukuta, ngozi ya vifundo ikachubuka pande zote mbili. Akaacha kucheka.

"Sasa mama yangu vidole aviache wapi, nje?" Mama Ndoo aliuliza.

Milango ikapanuliwa yote, hata ya jikoni. Na kizingiti hakikuwekwa hata kimoja.

Ugomvi wa pili ndio uliovunja kambi. Sakafu ya bafu ilipokauka, Mama Ndoo alijaza ndoo, akaimwaga katikati. Maji yalisimama kidogo kama yanafikiri, kisha yakaondoka zake kuelekea mlango wa chumba cha bibi, yakaliacha tundu la kutolea maji likiwa kavu kwenye kona yake.

"Yatakauka," Chapuchapu alisema.

"Fundi, nimefua miaka kumi na minane. Maji yakishajua njia hayaisahau. Vunja."

"Sivunji. Kazi yangu haijawahi kuvunjwa na mteja, tena mama wa kufua."

Neno lile lilimtoka, na akaona lilivyotua. Lakini mdomo ulishafunguka, kiburi hakikumruhusu kurudi nyuma. Akakusanya mwiko, timazi na pimamaji yake, akavitia kwenye mfuko, akaondoka bila kwaheri.

Mama Ndoo alisimama kwenye bafu lile lisilo na paa, mwanga wa mchana ukimpiga utosini. Alilia kidogo, kama mtu anayemaliza shughuli fulani. Halafu akampigia mpiga pasi.

"Jumamosi una kazi?"

"Ya nini?"

"Kuvunja."

Jumamosi walijifunga kanga viunoni, wakaazima nyundo kubwa kwa dereva wa lori, wakapiga sakafu ile mpaka mikono ikafa ganzi. Dereva alisimama pembeni kushangaa, kisha aibu ikamshika, akavua shati akasaidia. Kusakafia upya Mama Ndoo alifanya mwenyewe. Mara ya kwanza alizidisha maji kwenye mchanganyiko, sakafu ikapasuka nyufa kama uso wa mtu aliyezeeka vibaya. Akavunja tena. Mara ya pili alichanganya kwa ukavu kiasi, akafunga kamba kutoka mlangoni hadi kwenye tundu, ikishuka upana wa kidole kwa kila hatua, akaifuata kamba ile kwa ubao akiwa amepiga magoti toka asubuhi hadi adhuhuri. Alipomwaga maji, yalikwenda moja kwa moja tunduni bila kuuliza njia. Mpiga pasi alipiga vigelegele hadi mke wa dereva akatoka kuuliza nani kaolewa.

Kazi ikalala. Mafundi wengine aliowauliza walikuwa na shughuli, au walisikia habari zake wakaogopa. Ndipo mvua za mwaka ule zikaja, na zilikuja kwa hasira. Siku ya tatu njia iligeuka mto. Kwa majirani watu walikuwa wanatoa maji sebuleni kwa mabeseni. Mama Ndoo aliomba ruhusa kazini akakimbia kiwanjani, moyo mkononi. Alikuta maji yamefuata ule mstari wake wa vijiti kama yameandikiwa, yakapita kwenye pembe ile ya mbele iliyoachwa wazi, yakaenda zao. Kule nyuma kuta zilisimama, zimelowa, hazina doa.

Na mtu alikuwa amesimama mbele yake, amelowa chapachapa. Chapuchapu.

"Nimekuja kutazama tu," alisema.

"Tazama."

Alitazama kwa muda mrefu. Aliingia bafuni, akachota maji ya mvua kwa viganja, akamwagia sakafu, akayafuata kwa macho mpaka yalipozama tunduni. Alipotoka sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, nisamehe lile neno langu."

"Yamekwisha."

"Na kuna jingine." Alijikuna shingo. "Twende kwangu. Uniangalizie maji yanaingilia wapi."

Mama Ndoo alijizuia asicheke, akashindwa. Akacheka, na yeye fundi akacheka, wote wawili wamesimama kwenye mvua. Kwa Chapuchapu walimkuta mkewe amepandisha magodoro juu ya meza.

"Karibu, dada," mke yule alisema. "Huyu ndiye fundi wa watu. Sisi kwetu tunaogelea."

Mama Ndoo aliizunguka nyumba ile taratibu, mwavuli begani. Chapuchapu alikuwa amejijengea kwa kasi ileile, msingi mfupi, sakafu sawa na ardhi ya nje. Na miaka ilivyopita, uwanja ulipanda kwa vumbi na kifusi mpaka ukaizidi sakafu. Zaidi ya hapo, maji yote ya paa yalianguka kwenye ukuta wa nyuma. Alimwonyesha: hapa uchimbe mfereji, uulaze kuelekea kule chini, hapa uondoe udongo ushuke chini ya sakafu, na paa lako ulifungie mfereji wa bati, maji uyapeleke mbali na ukuta, au uyakinge kwenye pipa mke wako afulie. Jumapili walichimba pamoja, yeye, fundi na mkewe. Mvua iliyofuata, magodoro hayakupanda mezani.

Jumatatu Chapuchapu alirudi kazini kwa Mama Ndoo, na hakuwa yule. Mkono ulikuwa mwepesi vilevile, lakini sasa alisimama kila baada ya mistari mitatu, akashusha timazi, akafumba jicho moja. Walipomwaga zege la lenta, ule mkanda unaopita juu ya milango na madirisha kuzunguka nyumba nzima, yeye mwenyewe ndiye aliyewakataza vijana wake kuondoa mbao kabla ya wakati. Mama Ndoo alimsikia akiwaambia, "Mnakimbilia wapi? Kuna mtu anawafukuza?" akageuza uso ili asionekane anatabasamu. Mbao za paa walizipaka dawa ya mchwa kabla hazijapanda juu, kila upande, na ncha zake pia, maana mchwa huanzia nchani.

Walihamia nyumba ikiwa haina dari, kuta za ndani hazina plasta, madirisha mawili yamezibwa kwa mabati. Ilikuwa mwaka wa sita tangu ule mwavuli. Shemeji alikuja na gari, safari hii kusaidia kubeba vitu, akatembea chumba hadi chumba akipapasa kuta. Bibi aliwekwa kwenye kiti chake mlangoni. Mama Ndoo akashika vishikio vya nyuma, kama kawaida, asukume.

"Ondoa mikono," bibi alisema.

Alishika magurudumu, akajisukuma. Sebule. Akapinda, akaingia chumbani kwake. Akatoka, akaingia bafuni, akafunga mlango. Wote waliobaki sebuleni wakasimama wakisikiliza. Maji yakasikika. Alikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipofungua mlango uso ulikuwa umeoshwa, macho mekundu.

"Nini mnanikodolea?" alisema. "Hamjaona mtu anatoka chooni?"

Habari za nyumba ile zilisambaa, hasa kwa wanawake. Leo hii, Jumapili alasiri, hutamkuta Mama Ndoo kwake kirahisi. Yuko kwenye kiwanja cha muuza mboga, anatikisa chupa ya mchanga. Au kwa mwalimu fulani, anamwambia asianze kuchimba mpaka mvua ipite. Haombi malipo. Akipewa embe analipokea. Kitu kimoja tu huwaambia wote kwa ukali: ujenzi si siri ya mafundi, uliza mpaka uonekane mjinga, kwa sababu fundi atamaliza aende, wewe utalala humo. Na Chapuchapu, ambaye sasa hana nafasi kwa wingi wa kazi, akipigiwa simu na mteja mpya huuliza kwanza kama mama yule amekwisha kukiona kiwanja.

Nyumba yenyewe haijakwisha. Dari imefika vyumba viwili, plasta imefika vitatu, na mwezi huu wako kwenye rangi ya jikoni. Ni rangi ya tatu. Ya kwanza bibi alisema inafanana na ukuta wa hospitali. Ya pili alisema inamtia njaa. Jana Mama Ndoo alipanda kwenye ngazi, brashi mkononi, nywele zimetapakaa madoa, akapaka kipande kidogo pembeni mwa dirisha, akageuka.

"Haya, mama. Hii je?"

Bibi alisogeza kiti hadi ukutani, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto.

"Paka kipande kingine nione," alisema. "Kwani tuna haraka ya kuhama?"